Bunduki ya kale ya kutundika ukutani kwa dola 400: ipi ununue, ipi uiache

Swali la msomaji: "Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio. Tumehamia nyumba yetu wenyewe na ukuta wa sebuleni uko mtupu. Marehemu babu alikuwa na gobori la kulindia shamba dhidi ya nguruwe pori, na tangu utotoni napenda bunduki za zamani. Nataka moja ya kutundika tu, si ya kupiga. Nimetenga dola 400. Mtandaoni naona 'bunduki ya Kiarabu' kwa dola 180, na nyingine inayofanana nayo kwa dola 2,000, na tofauti siioni. Ninunue ipi? Sheria inasemaje? Na siku nikirudi nyumbani, naweza kwenda nayo?"

Jibu: Dola 400 zinatosha, ndugu yangu, na zinatosha kupata kitu cha kweli. Ila kwanza elewa bei za vitu hivi zinapandishwa na nini. Anayetaka kwenda kupiga shabaha na bunduki ya kale analipia kasiba (mtutu) iliyo safi ndani na mtambo usio na hitilafu. Mkusanyaji analipia nambari zinazolingana kwenye kila kipande, mbao isiyoguswa na fundi, na mihuri (alama za kiwanda na za ukaguzi zilizopigwa kwenye chuma) inayosomeka yote. Wewe humo katika makundi hayo mawili. Ukuta hautazami ndani ya kasiba. Kwa hiyo tafuta bunduki halisi yenye kasoro zinazowakimbiza hao wengine: kasiba iliyoliwa na kutu ndani, springi iliyokatika, mdeki (ufito unaokaa chini ya kasiba) uliopotea, nambari za vipande zisizofanana. Kasoro za namna hiyo huteremsha bei sana, na ukikaa kwenye kochi huzioni.

Kuna kasoro nyingine ambazo usizikubali hata kwa nusu bei. Kasiba iliyokatwa ikafupishwa, kitako kilichopigwa msasa na vanishi mpya hadi kikang'aa kama meza ya hotelini, chuma kilichong'arishwa kwa mashine mpaka mihuri ikafutika. Hizo zimeiondolea bunduki sura yake, na sura ndiyo unayoinunua.

Sasa hiyo ya dola 180. Sijaiona, lakini aina yake naijua vizuri. Tangu miaka ya 1960 Uhispania imekuwa ikitengeneza sanamu za bunduki za kale kwa ajili ya kuta za mikahawa na sebule, za aloi ya zinki na mbao nyepesi. Moroko, India na Afghanistan nako kuna mafundi wanaounda bunduki ndefu za gumegume, zile zinazowasha baruti kwa cheche za jiwe, zenye mapambo ya shaba na mifupa kwa ajili ya watalii. Nyingi ni kazi nzuri ya mikono, na sina ugomvi nazo zikiuzwa kwa jina lake. Tatizo ni pale kitu cha miaka 20 kinapouzwa kama cha miaka 150.

Chukua sumaku ndogo, ile ya kubandika kwenye friji. Iweke juu ya kasiba na juu ya mtambo. Chuma kitaivuta, zinki haitaivuta hata ikipakwa rangi ya chuma. Kisha tazama skurubu. Za zamani zina mfereo mmoja, mwembamba, mara nyingi umelika kidogo kwenye kingo. Ukikuta hata skurubu moja yenye alama ya msalaba kichwani, ujue hiyo ni ya miaka ya 1930 au baadaye, na muuzaji akueleze imefikaje hapo. Chungulia mdomo wa kasiba: sanamu nyingi zimezibwa sentimita chache tu ndani. Kwenye gumegume tafuta kitundu kidogo ubavuni, pale moto unapoingilia kutoka kwenye kisahani cha baruti. Bunduki isiyo na kitundu hicho haijawahi kuwa bunduki. Mwisho, nusa na utazame mbao mahali ambapo mkono haufiki, chini ya mtambo na kwenye mfereji wa mdeki. Mbao ya karne nzima ina uchafu usiolingana, mweusi penye chuma na mwepesi mahali pengine. Ikiwa rangi ni ileile kila mahali na harufu ni ya rangi ya viatu, achana nayo.

Hiyo nyingine ya dola 2,000 huenda ni halali. Bunduki halisi za utambi (zinazowashwa kwa kamba inayoungua) za Oman, zile ambazo Waarabu huziita Abu Fitila, zina kasiba ndefu, kitako chembamba na mapete ya fedha, na wakusanyaji wa Ghuba huzigombania. Kwa dola 400 hutaipata iliyo nzima, na anayekuambia anayo kwa bei hiyo ana kazi ya kukueleza kwa nini. Jambo jingine kuhusu aina hizi za mapambo mengi: ukiona pembe za ndovu zimepachikwa, usiguse. Biashara ya ndovu Marekani imebanwa hata kwa vitu vya kale, na utahitaji ushahidi wa umri ambao muuzaji wa kawaida hana.

Unalo swali ambalo hukuliuliza, nalo ni kwamba unatafuta kitu chenye uhusiano na nyumbani. Hapo ndipo ningependa nikae kidogo, maana kuna njia nzuri kuliko hiyo "bunduki ya Kiarabu."

Bunduki za kushindilia, yaani za kutiwa baruti na risasi mdomoni, zilizoingia pwani yetu katika karne ya 19 nyingi hazikutengenezwa Uarabuni. Zilitoka Birmingham kule Uingereza na Liège kule Ubelgiji, na nyingine zilikuja na meli za Salem, Massachusetts, hasa baada ya Seyyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833. Zilibadilishwa kwa pembe, karafuu na sandarusi, zikapanda bara na misafara hadi Tabora na Ujiji. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels kuzuia silaha za kisasa zisiuzwe sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa masharti ni gumegume zisizo na mifereji ndani ya kasiba, na baruti ya kawaida. Ndiyo maana viwanda vya Liège viliendelea kutengeneza gumegume kwa soko la Afrika wakati Ulaya yenyewe ilikwisha kuzisahau. Usikubali mtu akuambie "hii ni gumegume, kwa hiyo ni ya miaka ya 1700."

Basi gobori la Kibelgiji au la Birmingham lililobaki Marekani ni ndugu wa magobori yaliyopita Bagamoyo. Na Marekani yapo tele, kwa sababu wakulima wa huko nao walinunua bunduki za bei ndogo kutoka viwanda hivyohivyo. Tafuta bunduki ya kushindilia ya mtutu mmoja au miwili, ya fataki (kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo), isiyo na jina la fundi maarufu. Yenye mitutu miwili na nyundo mbili hupendeza sana ukutani, na iliyochakaa kwa heshima mara nyingi unaipata kati ya dola 100 na 250. Geuza kasiba utazame upande wa chini. Muhuri wa Liège ni duara la mviringo kama yai lenye herufi ELG na nyota chini yake. Ukiwa na taji juu ya hilo yai, bunduki ilipimwa mwaka 1893 au baadaye. Birmingham walipiga fimbo mbili za kifalme zilizopishana, zenye taji, pamoja na herufi BPC na V, kuanzia 1813 hadi 1904. Neno TOWER na taji kwenye bamba la mtambo lisikupumbaze peke yake. Lilikuwa alama ya silaha za serikali ya Uingereza, lakini limeigwa na kila mtu.

Ila kama ningekuwa natafuta kwa ajili ya mtu wa Tanga, ningeanza na Mauser ya 1871.

Hii ndiyo bunduki ya kwanza ya komeo (chuma cha kuvuta na kusukuma kinachofunga risasi ndani) ya Dola la Ujerumani kutumia risasi zenye ganda la metali. Inapiga risasi moja moja, ya milimita 11, kwa baruti nyeusi. Ilitengenezwa Spandau, Danzig, Erfurt, Amberg na kwa Wa-Austria wa Steyr, kwa wingi mkubwa, na ilipopitwa na wakati Ulaya ikapelekwa makoloni. Askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, waliibeba katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Na Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha jeshi lao Tanga, askari wengi wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, bado walikuwa na bunduki za mtindo huu, na kila waliporusha risasi wingu jeupe la moshi liliwaonyesha walipo. Waingereza waliposhindwa na kurudi melini waliacha bunduki za rashasha 16, mamia ya bunduki nyingine na risasi zipatazo 600,000, na kwa ngawira hiyo baadhi ya makampuni ya askari yakapata silaha za kisasa. Watu wa Tanga wenye makaburi ya Wajerumani na Wahindi ya vita vile mjini mwao hawahitaji kuelezwa sana.

Ukiishika utaona ubavuni, upande wa kushoto wa chuma kinachobeba komeo, maandishi I.G.Mod.71. Huo ndio mtindo wa askari wa miguu. Kuna na ile fupi zaidi ya vikosi vya askari wepesi walioitwa "wawindaji", Jägerbüchse, ambayo ndiyo hasa iliyotumiwa na askari wengi wa Afrika Mashariki, lakini ni adimu na bei yake itakuzidi. Mwaka umepigwa kwenye chuma hichohicho, na juu ya kasiba kuna taji na jina la kiwanda. Yenye kila kitu sawa huvuka dola 600 au 700. Lakini yenye kasiba iliyooza, komeo la nambari nyingine, mdeki uliopotea na ufa kwenye mbao unaweza kuipata kwa hizo 400 zako, hasa ukiwa na subira ya miezi kadhaa. Mdogo wake wa 1884, mwenye bomba la risasi chini ya kasiba, anafanana naye kwa mbali na bei zao hazitofautiani sana.

Kuwa macho na zile zilizokatwa. Wafanyabiashara wa New York, Francis Bannerman akiwa mkubwa wao, walinunua bunduki za majeshi ya Ulaya kwa mafungu na kuziuza kwa dola chache kwa wawindaji, na nyingi zilifupishwa mbao ya mbele na kasiba. Mauser 71 kamili ina urefu wa takribani mita 1.35, na mbao yake inafika karibu na mdomo. Yenye mbao inayoishia katikati ya kasiba imekatwa. Usilipe zaidi ya dola 200 kwa hiyo, na ukutani itakuonyesha nusu tu ya ilivyokuwa.

Na muuzaji akikuambia "hii ilikuwa Afrika na von Lettow," muombe karatasi. Karibu bunduki zote za aina hii zilizoko Ohio zilitoka kwenye maghala ya Ujerumani moja kwa moja. Wewe unanunua mtindo uleule, uliopigwa na viwanda vilevile, na hilo ni jambo la kweli na zuri. Hadithi isiyo na ushahidi haiongezi hata senti moja.

Ukikosa Mauser, ya pili kwangu ni Vetterli ya Italia, ya 1870. Hii ndiyo bunduki ya bei rahisi kuliko zote za kijeshi za karne ile, mara nyingi dola 200 hadi 400, na sababu yake ni nzuri kwako: wakati wa vita vya 1914–1918 Waitaliano walizibadilisha nyingi zikapokea risasi za milimita 6.5 zenye nguvu kuliko chuma chake kinavyostahimili, kwa hiyo wapigaji shabaha wanaziogopa, na wana haki. Kwenye kasiba utasoma Torino, Brescia, Terni au Torre Annunziata na mwaka. Vetterli za magazini ndizo zilizobebwa na askari wengi wa upande wa Italia pale Adwa, tarehe 1 Machi 1896, siku jeshi la Mfalme Menelik wa Ethiopia lilipowashinda, na zilizotekwa huko zilizunguka Ethiopia na Pembe ya Afrika kwa miaka mingi. Kwa mtu anayejali historia ya upande wetu wa dunia, ukuta wenye Vetterli hauna upungufu.

Martini-Henry ya Uingereza nitaigusa tu, kwa sababu watu wengi huitaka. Wasomaji wetu wa Muscat wanaijua kwa sura, kwani hadi leo hubebwa kwenye sherehe za Oman. Vita vya Wazulu vya 1879 vimeipandisha bei. Halisi ya jeshi la Uingereza yenye taji, herufi VR za Malkia Victoria na mwaka itakupita bajeti kirahisi. Mwaka 2003 kampuni mbili za Marekani zilinunua ghala zima la kifalme la Nepal huko Kathmandu, makumi ya maelfu ya silaha, na humo mlikuwa na Gahendra, bunduki ya Kinepali inayofanana na Martini kwa nje ingawa mtambo wake wa ndani ni mwingine. Ilikaa kwenye masizi na grisi kwa karne, na kuisafisha ni kazi ya wikendi kadhaa. Ukiipata ndani ya bajeti, ichukue bila wasiwasi. Usichukue Martini iliyotoka masoko ya Afghanistan kwa bei ya ile ya Enfield, kiwanda cha serikali ya Uingereza. Mafundi wa mpakani Khyber waliiga kila kitu hadi mihuri, na mara nyingi utaona herufi N imegeuzwa kinyume katika neno ENFIELD.

Kuhusu sheria. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1968 inahesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale, hata kama inatumia risasi ya aina gani, na bunduki ya namna hiyo si "silaha ya moto" kwa maana ya sheria hiyo. Inaweza kuletwa mlangoni kwako bila kupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Kinachohesabika ni umri wa chuma kinachobeba mtambo, kwa hiyo Vetterli ya 1880 iliyobadilishwa mwaka 1916 bado ni ya 1880. Bunduki za kushindilia zina nafasi yake katika sheria hiyohiyo, hata nakala zake. Palipo na mtego ni shotigani za zamani za kukunja zenye nyundo, ambazo wauzaji wa Marekani huzitundika kwa wingi. Nyingi zilitengenezwa Liège kati ya 1890 na 1914, na usipoweza kuthibitisha kuwa yako ni ya 1898 au kabla, inauzwa kama silaha ya kawaida na sharti ipitie kwa mwenye leseni. Majimbo mengine na baadhi ya miji ina masharti ya ziada, na mtu mwenye katazo la kumiliki silaha au ambaye hadhi yake ya uhamiaji haijakamilika asitegemee makala. Amuulize wakili kwanza. Kosa dogo la sheria ya silaha linaweza kumharibia mgeni mambo makubwa.

Kwa mlioko Uingereza mnaosoma hapa: kwenu msingi ni kifungu cha 58 cha sheria ya silaha ya 1968, kinachoruhusu silaha ya kale iwekwe kama kumbukumbu au pambo, na kanuni za 2021 zimeweka kwamba iwe imetengenezwa kabla ya tarehe 1 Septemba 1939 na iwe ya mfumo au risasi iliyomo kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati. Orodha hiyo isomeni kabla ya kulipa, kwani aina 7 za risasi za bastola ziliondolewa.

Pa kununua: anza na minada ya mali za marehemu katika miji midogo ya Ohio na Indiana. Familia inauza vyombo vya babu, bunduki kuukuu imo kati ya jembe na cherehani, na hakuna mkusanyaji chumbani. Soma masharti ya mnada, maana ada ya mnunuzi ya asilimia 20 au zaidi ni kawaida, na bei ya dola 340 iliyogongewa nyundo mnadani inageuka zaidi ya 400. Maonyesho ya wakusanyaji ni mazuri kwa sababu unashika kwa mkono na kuuliza. Nenda saa za mwisho za siku ya mwisho, wakati wauzaji hawataki kubeba mizigo kurudi nayo. Mtandaoni, GunBroker ina sehemu ya silaha za kale. Usinunue kwa picha mbili. Omba picha ya mihuri yote, ya mdomo wa kasiba kwa mbele, ya mtambo pande zote mbili, na ya sehemu mbao inapokutana na chuma. Muuzaji anayekataa amekujibu tayari.

Sasa naomba usome hapa polepole. Bunduki ya kushindilia uliyoinunua leo inaweza kuwa imeshindiliwa tangu babu wa muuzaji. Haya si maneno ya kutisha watu. Hukutwa hivyo mara kwa mara, mashambani na hata makumbusho. Watu walizishindilia, wakazitundika juu ya mlango tayari kwa mbweha au mwizi, na zikasahauliwa. Baruti nyeusi haifi kwa umri. Ikikaa kavu inawaka kama siku iliyotengenezwa.

Fanya hivi kabla hujaiingiza ndani ya nyumba. Elekeza mdomo mahali ambapo hakuna mtu, na wewe mwenyewe usisimame mbele yake. Chukua ufito wa mbao, usiwe wa chuma, uingize taratibu toka mdomoni mpaka ugote. Weka alama kwa kalamu kwenye ufito palipo sawa na mdomo wa kasiba. Utoe, ulaze juu ya kasiba kwa nje, alama ikiwa mdomoni. Ncha ya pili ya ufito inapaswa kufika mahali penye kitundu cha moto au pale chuchu ya fataki ilipo, au karibu sana napo. Ikiishia vidole vitatu au vinne kabla ya hapo, kuna kitu ndani: labda kiota cha nyigu, labda baruti, karatasi na marisau. Chukulia ni baruti. Usichokonoe, usipashe moto, usitoboe, usijaribu kufyatua. Iweke mbali na nyumba na umpigie fundi wa silaha anayezijua bunduki za kushindilia. Anavyo vifaa vya kuilowesha na kuitoa. Kwa Mauser au Vetterli kazi ni nyepesi: fungua komeo, tazama chumba cha risasi kwa tochi, kisha pitisha ufito uone unatokea upande wa pili.

Ukishajiridhisha, iache ilivyo. Kishawishi cha kuing'arisha ni kikubwa, na ndicho kinachoharibu bunduki nyingi kuliko vita. Weusi na ukahawia wa chuma ni ngozi yake. Kutu nyekundu inayoacha unga kidoleni ndiyo ya kuondoa: tone la mafuta mepesi, uiache usiku mzima, kisha sufi ya chuma laini kabisa, ile ya daraja la 0000, kwa mkono mwepesi, na ufute kwa kitambaa. Halafu paka nta nyembamba ya makumbusho juu ya chuma na mbao. Shaba usiipake dawa ya kung'arishia. Rangi yake ya kahawia ilichukua miaka mingi kuja. Nawa mikono ukimaliza, kwani mabaki ya risasi na fataki za kale yana sumu.

Kuta za nyumba za Marekani ni bodi nyepesi ya jasi, haiwezi kubeba kilo nne na nusu za Mauser. Tafuta nguzo za mbao zilizo nyuma yake, kwa kawaida zimeachana inchi 16, na skurubu za ndoano ziingie humo. Ndoano mbili, moja nyuma kidogo ya mtambo na nyingine mbele, zivalishwe mpira laini wa plastiki. Ngozi inapendeza lakini asidi yake huchora shaba rangi ya kijani. Epuka ukuta ulio juu ya kipasha joto au mahali jua la alasiri linapopiga, kwani mbao itapasuka. Shusha nyundo, springi ipumzike. Kama kuna watoto, funga kwa waya mwembamba kwenye ndoano zote mbili, juu kuliko wanakoweza kufika hata wakipanda kochi. Bunduki ya uzito huo ikimwangukia mtoto haihitaji baruti kumuumiza.

Kuhusu kwenda nayo nyumbani jibu langu ni hapana. Tanzania gobori ni silaha mbele ya sheria. Watu hushtakiwa na kufungwa kwa kukutwa nalo bila kibali, na polisi mara kwa mara hutoa muda wa kuyasalimisha. Afisa wa forodha Dar es Salaam hatakuwa na sababu ya kujali kwamba Marekani ilikuwa pambo. Kenya nayo ni vilevile, na adhabu zake ni nzito. Usiitie kwenye kontena la vyombo vya nyumbani kwa kudhani haitaonekana, na usiitenganishe vipande ukagawa kwenye mabegi. Siku ukiamua kurudi moja kwa moja, iuze hukohuko au mwachie mtoto atakayebaki. Kwa sababu hiyo weka tangu sasa bahasha yenye risiti, picha za mihuri na mwaka wa kutengenezwa, kisha uiandike kwenye bima ya nyumba. Bunduki yenye karatasi zake huuzwa haraka, na kwa bei nzuri kuliko isiyo nazo.